Chai ya Mjomba na Mkojo wa Farasi

Hapa Voi punda twamjua. Ndiye atuleteaye maji mifereji inapokauka, na ndiye asimamaye katikati ya barabara dereva wa lori la Mombasa akapiga honi hadi akachoka mwenyewe. Lakini farasi? Wengi wetu tumemwona kwenye picha tu, au katika runinga siku ya sherehe za kitaifa, amebeba askari. Kwa hivyo mhariri wa gazeti letu la Chama alipotutaka kila mmoja aandike makala ya kueleza jambo fulani, nami nikasema nitaeleza jinsi farasi wa mashindano wanavyopimwa kama wametiwa dawa, wenzangu waliangua kicheko.

"Wewe umemwona farasi wapi?" rafiki yangu aliniuliza.

Sijamwona. Ila nina mjomba.

Mjomba wangu, ndugu yake mama wa toka nitoke, alikuwa saisi. Saisi ni mtunzaji wa farasi. Ndiye huamka saa kumi alfajiri kumlisha, kumsugua kwa brashi na kumzolea samadi, na ndiye humtembeza baada ya mazoezi mpaka jasho limkauke. Mjomba alitoka Sagalla akiwa kijana asiye na ndevu, akaenda Nairobi kutafuta riziki, akaipata katika mazizi ya farasi wanaokimbia katika uwanja wa Ngong, ambao umekuwako tangu 1954. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne. Kisha Desemba moja, mimi nikiwa darasa la nne, alirudi na sanduku lake la bati, na hakwenda tena.

Watu hawakosi la kusema. Ikasemekana amefukuzwa kwa kumtia farasi dawa. Akabandikwa jina la Daktari. Akipita sokoni utasikia, "Daktari, nasi tupe ile ya mbio!" Yeye hucheka. Mama hacheki.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, ndipo aliponihadithia kisa chenyewe. Ilikuwa Jumamosi jioni, na kesho yake kuna mashindano. Baridi ya Nairobi ilikuwa kali. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na kikombe cha bati kilichojaa chai ya maziwa, sukari tele. Farasi aliyemtunza miaka mitatu akatoa kichwa nje, akaingiza midomo kikombeni, akaanza kunywa. Farasi wanapenda utamu kama watoto. Mjomba akamwachia. Chai yote ikaenda.

Usiku ndipo alipokumbuka yale waliyokuwa wakiambiwa kila siku, kwamba farasi anayekaribia kushindana asipewe kitu chochote ambacho hakikutoka katika debe lake la chakula. Usingizi ukamruka. Alfajiri akamwendea mkufunzi, akamweleza. Farasi akaondolewa katika mbio za siku ile. Mwenye farasi akapandwa na hasira, na jioni mjomba akahesabiwa mshahara wake, akaonyeshwa lango.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, mpwa wangu," aliniambia. "Wewe unasoma Kemia. Kama ningenyamaza, wangeiona ile chai?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu nililolitafuta, kwa msaada wa mwalimu wetu wa Kemia, ambaye nilimsumbua hadi akawa ananikwepa ukumbini.

Kwanza tuulize, kwa nini farasi apimwe? Sababu ya wazi ni kamari. Watu huweka pesa juu ya farasi, na palipo na pesa hapakosi mjanja. Lakini msidhani kila dawa ni ya kumwongezea mbio. Ziko za kumpunguzia pia. Mtu akijua kwamba farasi anayetarajiwa kushinda atakuwa na usingizi, ataweka pesa zake kwa mwingine, na atavuna. Sababu ya pili ni usalama. Farasi aliyeumia mguu akipewa dawa ya kuondoa maumivu, hatajizuia; atakimbia kwa nguvu zote juu ya mfupa ulio na ufa, uvunjike, aanguke yeye na aliyempanda, na wanaofuata nyuma wajikwae juu yao. Sababu ya tatu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, ni kwamba farasi hana kauli. Mwanariadha akimeza pufya, ana mdomo wa kukataa. Farasi hunywa anachoshikiwa, kama vile yule alivyokunywa chai ya mjomba.

Zamani kutia farasi dawa hakukuwa kosa. Mwishoni mwa karne ya 19, wakufunzi waliotoka Marekani walikuwa wakishinda Uingereza kwa farasi ambao jana yake walikuwa hawawezi kitu. Siri yao ilikuwa kokeini na mfano wake. Mkufunzi mmoja Mwingereza, George Lambton, alichoka kuwaeleza wakubwa wa mchezo wasisikie. Basi akawaarifu kwamba atawatia dawa farasi wake watano walio wavivu kabisa, wajionee. Wanne walishinda, wa tano akawa wa pili! Mwaka 1903 ikawekwa sheria ya kukataza. Lakini sheria bila kipimo ni mbwa asiye na meno. Kipimo kilianza Vienna mwaka 1910, ambapo mkemia aliyeitwa Bukowski alionyesha kuwa dawa za aina hiyo zaweza kutambuliwa katika mate ya farasi. Naam, farasi walianza kupimwa dawa miaka mingi kabla ya wanariadha. Olimpiki walianza kuwapima watu mwaka 1968.

Siku hizi si mate, ni mkojo na damu. Mbio zinapokwisha, wasimamizi huchagua farasi wa kupimwa, mara nyingi mshindi pamoja na wengine, hasa yule aliyeshangaza watu kwa kushinda au kwa kushindwa. Hupelekwa katika zizi maalumu lenye majani safi sakafuni. Saisi wake huenda naye, wala hamwachi. Hapo ndipo mjomba alipokuwa bingwa. Kazi ya saisi mahali pale ni kupiga mbinja!

Nilipomwambia mwalimu hayo alidhani nafanya mzaha. Si mzaha. Masaisi huwafundisha farasi tangu mapema: kila farasi anapokojoa, saisi hupiga mbinja laini, taratibu. Baada ya muda farasi akiisikia ile sauti, anakojoa. Mchukua sampuli husimama pembeni ameshika fimbo ndefu iliyofungwa chombo mwishoni, akakinga. Farasi akikataa kabisa, na wengine ni wakaidi, muda ukipita huchukuliwa damu kutoka mshipa wa shingo.

Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, ya kwanza na ya pili. Zote hutiwa lakiri mbele ya mwakilishi wa farasi, naye hutia sahihi kwamba ameona. Juu ya chupa hapaandikwi jina la farasi, huandikwa nambari tu. Aliye maabara hajui kama mkojo alioushika ni wa farasi wa tajiri au wa maskini. Chupa ya kwanza ikionekana ina kitu, mwenye farasi ana haki ya kudai ya pili ifunguliwe na ipimwe pia.

Sasa tuingie maabara, na hapa wanafunzi wa kidato cha kwanza msikimbie, maana jambo hili mmelifanya wenyewe. Mnakumbuka ile siku ya kudondosha wino mweusi katikati ya karatasi ya kuchujia, kisha mkaongeza maji tone kwa tone? Wino ulitambaa, ukajitenga: bluu huku, nyekundu kule. Kila rangi ina mwendo wake. Mkojo nao una vitu maelfu vilivyochanganyika. Maabara huvipitisha katika bomba jembamba sana, kila kimoja kikatokea mwishoni kwa wakati wake, kama abiria wanaoshuka kwenye basi mmoja mmoja. Hiyo ndiyo kromatografia.

Lakini kujua nani ameshuka saa ngapi hakutoshi, maana wawili wanaweza kushuka pamoja. Hivyo kila kinachotoka huingia katika mashine ya pili. Hii huzipiga molekuli mpaka zivunjike vipande, halafu huvipeperusha vipande hivyo kwa nguvu za umeme au sumaku. Mtazame nyanya anapopepeta mahindi kwenye ungo. Upepo hautoki mwingine kwa punje na mwingine kwa makapi. Ni ule ule mmoja, lakini kilicho chepesi huruka mbali na kilicho kizito huanguka karibu. Mashine hufanya vivyo hivyo, ikapima uzito wa kila kipande. Chukueni kafeini, ile iliyomo katika chai na kahawa. Kila molekuli yake ina atomu 8 za kaboni, 10 za haidrojeni, 4 za nitrojeni na 2 za oksijeni. Piga hesabu mwenyewe, utapata 194. Ikivunjwa hutoa, miongoni mwa vingine, kipande cha uzito wa 109. Ukiona kitu kimetoka kwenye bomba kwa wakati wa kafeini, kina 194, na kimeacha 109 na vipande vyake vingine kwa kadiri ile ile ya siku zote, huna haja ya kuuliza tena. Ni kama chungu kilichovunjika: mwenye kujua vyungu akiviona vigae atakwambia kilifinyangwa na nani.

Na mashine hii ina macho makali ajabu! Kipimo chake ni nanogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Tazama lile tangi jeusi la lita 10,000 nyuma ya bweni. Likijaa maji, ukatupa humo chembe chache za sukari, ukakoroga, mchanganyiko huo ni kama nanogramu moja katika kila mililita. Ulimi wako hautaonja kitu. Mashine itaona.

Zaidi ya hayo, unywele wa mkia wa farasi hutunza kumbukumbu. Dawa nyingine huingia katika unywele unapoota, na kadiri unavyorefuka hubaki pale pale. Ukiukata na kuupima kipande kwa kipande, wasoma miezi iliyopita kama shajara.

Orodha ya vitu vilivyokatazwa ni ndefu, sitawachosha nayo. Nitataja viwili tu kwa kuwa vina uhusiano na kwetu. Cha kwanza ni dawa ya ndovu. Sisi wa Voi tumewaona madaktari wa wanyama wa Tsavo wakimdunga ndovu mshale wa dawa ili wamtoe mtego wa waya mguuni. Ndovu mzima, tani kadhaa, dakika chache tu yuko chini! Dawa inayotumika ni etofini, yenye nguvu kuliko mofini zaidi ya mara elfu moja, na daktari akijichoma nayo kwa bahati mbaya asipopewa dawa ya kuipinga anaweza kufa. Sasa sikieni ajabu. Dawa hiyo hiyo inayomlaza ndovu, farasi akipewa kiasi kidogo sana hasinzii, bali anapata wazimu wa kukimbia. Katika miaka ya 1980 wajanja huko Marekani na Australia waliitumia katika mashindano wakijua kwamba kwa uchache wake maabara za wakati ule zingeshindwa kuiona. Maabara zilipojifunza namna ya kuiona, mchezo ukaishia hapo.

Cha pili ni ndugu wa magadi. Mama zetu hutia magadi kwenye maharagwe yaive upesi. Ndani ya magadi mna baikaboneti ya sodiamu, ambayo ni hii hii ya kuumulia keki. Farasi anapokimbia kwa nguvu misuli yake hujaa asidi, na asidi hiyo huleta uchovu. Baikaboneti hupunguza asidi. Kwa hivyo wakufunzi wengine walikuwa wakipitisha mpira puani mwa farasi hadi tumboni, wakamwaga mchanganyiko wa baikaboneti saa chache kabla ya mbio. Lakini utaikatazaje baikaboneti, ilhali damu ya kila farasi inayo? Ikabidi iwekwe mpaka: kaboni dayoksaidi katika damu isizidi milimoli 36 kwa lita. Chini ya hapo ni maumbile, juu ya hapo kuna mkono wa mtu.

Mipaka ya namna hii ipo kwa vitu vichache ambavyo farasi hawezi kuviepuka. Aseniki ni kimojawapo, kwani imo katika udongo na majani. Mpaka wake ni mikrogramu 0.3 kwa mililita ya mkojo. Na aseniki ina historia na nchi hizi zetu. David Livingstone aliandika mwaka 1858 juu ya kumpa aseniki farasi jike aliyeumwa na mbung'o, na kwa miaka mingi baadaye sumu hiyo iliendelea kuwa dawa ya wanyama wenye ugonjwa wa mbung'o. Wale farasi na nyumbu walioletwa hapa Taita katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipojenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915 na kupigana Salaita Februari 1916, wengi sana waliuawa na mbung'o na maradhi ya farasi kuliko risasi. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta. Ya farasi hayapo. Anayeuliza kwa nini Mtaita hakuwa mfuga farasi, jibu lake linaruka huko Tsavo hadi leo, na linauma.

(Na kwa kuwa nimeshaacha njia kidogo, niongeze hili. Voi na farasi wa mashindano wana uhusiano mwingine. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka hapa Voi mara tu baada ya kuruka, akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. Rafiki yake Beryl Markham alikuwa nusura afuatane naye kwa safari hiyo. Mama huyu alikuwa mkufunzi wa farasi tangu akiwa msichana, akashinda mbio kubwa za Kenya mara kadhaa, na alipofariki mwaka 1986 alikuwa akiishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja ule ule wa Ngong. Finch Hatton naye amezikwa katika vilima vya Ngong. Haya, turudi.)

Sasa chai. Kikombe kama kile cha mjomba chaweza kuwa na miligramu 40 hivi za kafeini. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 au zaidi kidogo. Ukigawanya, utaona kwamba kwa mtu wa kilo 60 ni sawa na miligramu 5 na ushei, yaani mafunda mawili matatu ya chai. Nani amewahi kushinda mbio kwa mafunda mawili ya chai? Kwa upande wa kumsaidia farasi, ile chai haikuwa na maana yoyote.

Lakini maabara haiulizi kama imemsaidia. Maabara huuliza kama imo. Na kafeini hukawia zaidi katika mwili wa farasi kuliko katika wetu. Mkojo wake huweza kuionyesha hata siku kadhaa baadaye. Chai ya Jumamosi jioni, mbio Jumapili mchana: bado ingekuwa inatembea damuni, na mashine iwezayo kuona chembe za sukari ndani ya tangi isingeipita.

Jambo lililonishangaza ni hili: mwanariadha wetu akinywa chai birika zima asubuhi ya mbio, hana kosa. Kafeini ilikuwa na kiwango cha mwisho kwa wanariadha, lakini iliondolewa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa tarehe 1 Januari 2004. Kwa farasi bado imekatazwa. Mtu ana haki ya kifungua kinywa chake, lakini farasi hakuzaliwa akinywa chai. Ikionekana ndani yake, kuna aliyempa.

Aliyempa ni nani, na kwa nini? Hapo mashine hunyamaza. Hapo ndipo pana ugumu wote wa jambo hili. Mwaka 2013 huko Uingereza mkufunzi Mahmood Al Zarooni, wa mazizi ya mtawala wa Dubai, alikiri kuwapa farasi wake steroidi za kujenga misuli, akapigwa marufuku miaka 8. Huyo alijua alichokifanya. Lakini mwaka uliofuata, 2014, farasi jike aitwaye Estimate alipimwa baada ya kuwa wa pili katika mbio za Gold Cup kule Ascot. Akakutwa na mofini! Na mwenye farasi alikuwa nani? Malkia Elizabeth II mwenyewe, yule aliyeupata umalkia akiwa hapa Kenya mwaka 1952. Uchunguzi ulionyesha kuwa mofini ilitoka katika chakula cha farasi kilichochafuliwa kabla hata ya kufika zizini, na farasi wa mazizi mengine nao walikuwa wamekipata. Hakuna aliyesema Malkia alikwenda usiku na sindano. Hata hivyo farasi wake alivuliwa nafasi ya pili. Vivyo hivyo Marekani: Medina Spirit, aliyefika wa kwanza katika Kentucky Derby ya 2021, alikutwa na betamethasoni. Mawakili walidai ilitoka katika mafuta aliyopakwa ngozini kwa ajili ya upele. Ushindi akanyang'anywa Februari 2022, na yeye alikuwa ameshakufa tangu Desemba.

Wanariadha nao wana sheria ya aina hiyo, kwamba kilichomo mwilini mwako ni mzigo wako. Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya marathoni ya wanawake aliyoiweka Chicago mwaka 2024, alipimwa Machi 2025, akakutwa na dawa ya kukojoza iitwayo haidroklorothiazaidi, nanogramu 3,800 kwa mililita mahali ambapo kikomo ni 20. Baadaye alieleza kuwa alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Hakuaminiwa, akafungiwa miaka 3. Tofauti ni kwamba yeye aliitwa akajieleza. Farasi hajielezi, kwa hivyo sheria za mbio za farasi karibu kila mahali zinamwajibisha mkufunzi: kikionekana kitu, ni yeye wa kueleza kimeingiaje, hata kama alikuwa amelala. Kwa maandishi ni mkufunzi. Lakini mkufunzi ana farasi thelathini, na aliye na debe la chakula mkononi ni saisi. Mimi naona sheria hii haina budi kuwa hivyo, maana bila hiyo kila mkufunzi angesema "sijui, waulizeni wafanyakazi." Ila tusijifanye hatujui inapokwenda lawama ikishatoka ofisini.

Likizo ya Desemba nilimpelekea mjomba jibu. Siku hizi ana punda wawili na mkokoteni, huuza maji. Nilimkuta akiwafunga kamba chini ya mwarobaini, nikamsomea kutoka daftarini. Nikamwambia kwamba mashine ingeiona chai, hilo sina shaka nalo. Lakini nikamwambia na la pili, maana mwalimu alinionya nisifiche: kafeini imejaa kila mahali, katika vikombe vya masaisi na katika vyakula vya mifugo, hata zipo nchi ambazo maabara zake zimekubaliana kutoiripoti ikiwa chini ya kiwango fulani kidogo. Pengine kikombe chake kingekuwa chini ya hapo. Pengine juu. Mtu aliyesimama gizani na kikombe kitupu hana namna ya kujua.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo akimsugua punda shingoni, vile vile, naamini, alivyokuwa akimsugua yule mwingine.

"Kwa hivyo nilifanya vizuri kusema?"

"Mkufunzi angekuwa hajui, mjomba. Wangeiona, angeulizwa yeye, na asingekuwa na la kujibu."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akapiga mbinja, laini, taratibu, na punda wa kushoto, wallahi siwadanganyi, akatanua miguu akakojoa.

"Wiki ile alikuwa mwepesi sana," mjomba akasema, akichukua hatamu. "Angeshinda. Bila chai."